Meno ya Kahawia

Muuza mahindi choma aliye nje ya maktaba yetu ya sayansi akimwagia jiko lake maji, ile harufu hunirudisha utotoni kwetu Lanet, mama akimsugua dada yangu meno kwa mkaa uliosagwa.

"Wewe, fungua mdomo! Unataka niaibike kanisani na hayo meno ya kahawia?"

Dada alitema povu jeusi lenye damu. Meno hayakubadilika, akazoea kucheka akijiziba mdomo.

Nilipofika chuo nilikuta humu maktabani kitabu chenye vumbi kikisema ni maji ya visima vya kwetu yanayoharibu meno ya watoto, si uchafu. Kilichapishwa kabla hatujazaliwa. Hakuna aliyetuambia. Nikaomba kazi humu humu.

Kwenye picha tuliyoweka juu ya jeneza la dada, anacheka. Mkono umeuziba mdomo.