Shemeji wa Dirisha la Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri. Jina lilitoka kinywani mwa binti wa kaka yake, aliyekuwa akimsaidia mkahawani. Binti akiita, "Shangazi, chai ya meza ya dirishani," wateja wakasikia, wakaiga, na jina likaota mizizi. Ni mtu mmoja tu ambaye hakumwita hivyo. Huyo alimwita shemeji.

Hakuwa shemeji wa ukoo. Alikuwa muoka mikate, rafiki wa marehemu mumewe tangu wakiwa vijana, mjane kama yeye, na alipanga chumba ghorofani kwa nyuma, dirisha lake likitazama ua mdogo wa mkahawa. Kazi yake ilimtoa kitandani wakati wengine ndio kwanza wanageukia upande wa pili, kwa hiyo jua likizama naye alizama. Kila asubuhi, akitoka kwenye tanuri, alipita mlango wa jikoni na kikapu cha mikate ya moto, nyusi zake zikiwa nyeupe kwa unga.

"Leo umetuletea mikate au matofali?" Shangazi angemuuliza.

"Meno ukiyaacha nyumbani, shemeji, usiulaumu mkate."

"Nyusi hizo jipanguse. Watu watadhani nimeanza kuhudumia mizimu."

"Mizimu inakula vizuri kuliko wateja wako. Haiombi pilipili."

Ndivyo walivyoamkiana miaka yote. Hawakuulizana habari za nyumbani wala afya. Mtu wa pembeni angeweza kudhani wana ugomvi. Lakini Shangazi alijua uzito wa utani ule. Siku ya kumzika mumewe, watu walipokuwa wamejaa sebuleni wakinong'ona, muoka mikate aliingia, akamsimamia marehemu kichwani, akasema kwa sauti, "Huyu mtu ni mjanja. Aliazima koti langu, sasa amepata mahali pa kujificha." Wazee waliguna. Shangazi, ambaye tangu jana yake alikuwa ameketi kama gogo, akacheka, na kicheko kikamfungulia kilio. Baadaye aliwaambia watu kwamba bila sentensi ile pengine asingeinuka kwenye ule mkeka.

Basi mkahawa ukaendelea, mpaka chuo cha ufundi kilichokuwa ng'ambo ya barabara kilipobadilisha ratiba. Masomo ya mchana yakahamishiwa jioni, ili watu wenye kazi nao wasome. Meza zilizokuwa zikigombewa saa ya chakula cha mchana zikabaki na vikopo vya chumvi tu. Na jioni, wanafunzi walipotoka darasani na njaa zao, walikuta Shangazi anateremsha mlango wa chuma, kwa kuwa kibali chake kiliishia jua linapozama. Walichungulia, wakamwambia pole, wakaenda zao. Shangazi alijua kwamba mambo yakiendelea hivyo itabidi amwambie mpishi wake atafute kwingine, na baada ya mpishi, binti wa kaka yake. Yeye mwenyewe angeweza kula ugali mkavu. Lakini kumrudisha binti kwa baba yake mikono mitupu, hilo lilimkosesha raha.

Akaomba kibali cha kufungua usiku.

Tangazo lilipobandikwa mlangoni, mtaa ulichemka. Aliyeongoza upinzani alikuwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya mbele, mtu mwenye sauti iliyozoea kufika dawati la mwisho. Alisema viti vitaburutwa, redio italia, na sufuria zitaoshwa pale bombani kando ya barabara, chini ya pua yake, usiku kucha. Hakusema uongo. Sufuria zilikuwa zikioshwa pale kweli, na viti vilikuwa vikilia kama mbuzi anayevutwa kamba.

Kikao kilifanyika alasiri katika ofisi ya mtaa, chumba chenye mabenchi na kabati lisilofungika. Afisa wa mtaa, mwanamke wa makamo aliyekuwa akijipepea kwa jalada, alisikiliza kila upande. Shangazi alikuwa amejiandaa. Redio hatafungulia. Miguu ya viti ataivisha mpira. Na kuhusu sufuria, akasimama na kusema kwa fahari, "Kuosha vyombo nakuhamishia uani, kwa nyuma. Mwalimu hatasikia hata kijiko."

Mwalimu aliguna, akatazama paa, mwishowe akasema kama ni hivyo hana neno. Chumba kizima kikapumua.

"Na watu wa nyuma?" afisa akauliza. "Nani anaishi upande wa uani?"

Muoka mikate alikuwa ameketi benchi la mwisho. Akasimama taratibu, kofia mkononi.

"Mimi, afisa. Mimi nalala na kuku. Sasa shemeji akihamishia sufuria zake chini ya dirisha langu, ajue kuku hawa wana jogoo, na jogoo naye ana hasira."

Watu wakacheka. Afisa naye akatabasamu. "Kwa hiyo una pingamizi, mzee?"

Muoka mikate aligeuka. Alimtazama Shangazi. Baadaye, Shangazi alilirudia lile tazamo mara nyingi kichwani, akiligeuza huku na huku, na kila mara liligeuka kuwa swali. Siku ile alidhani ni zamu yake katika mchezo.

"Mwandikieni huyo aache kukoroma kwanza," akasema bila kuinuka. "Wateja wangu watakimbia wakidhani nafuga simba."

Ofisi ililipuka kwa vicheko. Mwalimu mstaafu mwenyewe alijipiga paja. Muoka mikate akacheka kidogo, akavaa kofia yake, akaketi.

"Hana pingamizi," afisa akasema, akaandika.

Kibali kikatoka. Wanafunzi wakaja, wakajaza meza, wakagombea zile za dirishani. Mpishi akabaki, binti akabaki. Mbele ya mkahawa palikuwa kimya kama msikitini saa isiyo ya sala, na mwalimu mstaafu akaanza kuja kunywa chai ya usiku na kuwasimulia wenzake jinsi alivyoutuliza mtaa. Nyuma, uani, sufuria kubwa zilisuguliwa juu ya saruji. Ua ulikuwa mwembamba, kuta pande zote, na sauti ya chuma haikuwa na pa kwenda ila juu.

Asubuhi utani uliendelea kama kawaida.

"Shemeji, nimeota umeniajiri kuosha vyombo. Nimeamka mikono inaniuma."

"Umeosha vibaya. Rudi ukaote tena."

Siku nyingine: "Sufuria zako zinaoana au zinaachana? Nijue kama nije na zawadi au nije kusuluhisha."

Na nyingine: "Nipe na mimi zamu ya usiku. Kuamka nimeshaamka."

Hiyo Shangazi aliipenda, akaijibu papo hapo huku akimwaga maji ya moto kwenye birika. "Mwanamume mzima unaogopa sufuria? Oa, utazoea kelele."

Muoka mikate akaweka kikapu mezani. "Haya, shemeji," akasema, akatoka.

Binti wa kaka yake alikuwa akikata vitunguu pembeni. Hakuinua macho.

"Shangazi, huyu baba hatanii."

"Humjui wewe. Tumeanza utani huu hujazaliwa."

"Mtu anayetania hungoja kuona umecheka. Huyu siku hizi anasema, kisha anaondoka. Na mkewe alimzika mwenyewe, Shangazi. Leo umemwambia aoe."

"Siku ya msiba wangu yeye alinisema nini?" Shangazi akajibu. "Kata vitunguu."

Binti akakata vitunguu. Lakini jioni ile alitandika gunia kuukuu uani na kusugulia sufuria juu yake, bila kumwambia mtu. Mpishi alilikuta limelowa, akalitupa.

Asubuhi moja mikate ilikuja imeungua chini. "Leo imevuta sigara," muoka mikate akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. Shangazi alicheka, akakwangua sehemu zilizoungua kwa kisu, akahudumia wateja. Hakuuliza. Mtu aliyeoka maisha yake yote, ambaye angeweza kujua mkate umeiva kwa kuugonga kwa kidole tu, ameunguza tanuri zima, na yeye hakuuliza.

Kisha siku moja kikapu kililetwa na mwendesha baiskeli.

"Mwenyewe yuko wapi?" Shangazi akauliza. "Ameoa?"

Mwendesha baiskeli hakuwa na utani naye, kwa hiyo alimjibu. Akasema mzee alisinzia mbele ya tanuri, si mara moja. Mara ya mwisho alikuwa ameegemea karibu sana na mlango wa moto, mwenye kiwanda akaogopa. Amemtoa kwenye tanuri, sasa anafunga mikate kwenye karatasi. Na amehamia chumba cha karibu na kiwanda, upande wa pili wa mji. Vitu vyake alivichukua juzi mchana.

"Juzi mchana nilikuwa hapa," Shangazi akasema.

"Alipitia mlango wa mbele wa ngazi, mama. Hakuwa na vitu vingi."

Siku ile Shangazi alipanda ghorofani kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile. Mwenye nyumba alikuwa amefungua chumba kiingie hewa. Kilikuwa chumba kidogo, safi, na ukutani palikuwa na alama ya kitanda. Alama ya zamani ilikuwa karibu na dirisha, na nyingine, mpya zaidi, upande wa mlangoni. Alikuwa amekivuta kitanda mbali na dirisha kadiri chumba kilivyoruhusu. Nyufa za dirisha zilikuwa zimezibwa kwa vipande vya mfuko wa unga, vimekunjwa vizuri, vimeshindiliwa kwa ncha ya kisu.

Akiwa amesimama pale, chini mpishi akaburuta sufuria moja uani. Moja tu, mchana kweupe, barabara ikiwa na magari yake yote. Shangazi alishtuka, akashika ukuta. Kisha akasikia, wazi kama mtu aliye naye chumbani, sauti ya mpishi akimtania binti, na binti akicheka. Kila kilichosemwa uani kilipanda huku. Akajiuliza ni mara ngapi, baada ya kufunga, amesimama uani akiwasimulia wafanyakazi utani wa asubuhi na jinsi alivyomjibu yule jogoo wa juu, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Sufuria zilirudishwa kuoshwa ndani, kwenye karo, juu ya kitambaa. Ilihitaji tu kusogeza kabati moja. Mpishi na binti walilisogeza kabla maji ya chai hayajachemka, na Shangazi alisimama akiwatazama, mikono kiunoni.

Alichukua siku nyingi kabla ya kwenda kumwona muoka mikate. Kila alipofunga safari alijikuta anatafuta la kuingilia, neno la kumchokoza nalo, na kila alilolipata lilimshinda kulitoa. Mwishowe alikwenda bila kitu.

Alimkuta kwenye meza ndefu karibu na mlango wa kiwanda, mgongo wake ukielekea tanuri, akifunga mikate. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, alikuwa akilala. Nyusi zake zilikuwa nyeusi.

"Karibu, mama," akasema. "Habari za nyumbani?"

Shangazi akasema ni nzuri. Akasema na za hapa? Muoka mikate akasema wanashukuru.

"Nimekuja kuomba radhi," Shangazi akasema. "Vyombo tunaoshea ndani sasa. Ningeweza tangu mwanzo. Kwa nini hukuniambia?"

Alifikiri, karatasi mkononi. "Nilisema, mama. Labda sikusema vizuri."

"Ulisema. Mimi ndiye..."

"Yamekwisha hayo. Hata mimi umri umekwenda, tanuri halikuwa langu tena. Usijiumize."

Alisema kwa upole, na ule upole ulimchoma Shangazi kuliko tusi. Akatazama mikate iliyopangwa mezani, kila mmoja na karatasi yake, na akajaribu, kwa sauti iliyomtoka nyembamba kuliko alivyotaka.

"Naona siku hizi unaivisha mikate nguo. Zamani uliileta uchi, huoni haya."

Muoka mikate akatabasamu. Lilikuwa tabasamu jema, analopewa mteja yeyote aliyesema neno la kuchekesha akiwa anangoja.

"Ndiyo, mama," akasema. "Nikufungie mingapi?"

Shangazi akasema miwili. Muoka mikate akachagua iliyoiva vizuri, akaifunga, akakunja pembe za karatasi kwa uangalifu, kisha akampa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo, kama anavyopewa mtu wa heshima.