Mkono wa Kulia wa Shoto

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wanamwita Shoto, na jina hilo ni la uongo. Anaandika kwa mkono wa kulia, anakula kwa mkono wa kulia, na kila asubuhi anamfunga shangazi yake vifungo vya blauzi kwa mkono huohuo. Ila akiwa kazini, mbele ya mashine ya kunyoosha mashuka, hutumia mkono wa kushoto peke yake. Miaka kumi na mmoja sasa. Wa kulia huwa ameuacha kando, shubiri moja kutoka kwenye kitufe chekundu cha kuzimia mashine.

"Huyu ukimletea chai ataishika kwa mguu," husema mzee wa kusukuma vitoroli, na wenzake hucheka.

Shoto naye hucheka. Hajawahi kuwaeleza, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kabla yake, mahali pale alisimama shangazi yake. Mashine ina roli mbili za moto, kila moja nene kuliko kiuno cha mtu, na shuka mbichi huingia katikati yake. Siku moja iliingia shuka pamoja na mkono wa shangazi. Vidole vinne vilikwenda. Wakubwa walikuja wodini wamevaa suti, wakasimama miguuni pa kitanda na kumwambia kwamba ana bahati, angeweza kupoteza mkono mzima. Majirani wakalidaka neno hilo, na mpaka leo mwanamke asiyeweza kujifunga kifungo anaitwa mwenye bahati. Mimi nimelisikia kwa masikio yangu, na naliita tusi. Mwenye bahati ni mtu aliyefikiwa na jema asilolifanyia kazi. Shangazi alifikiwa na nini?

Baada ya ajali ile waliweka kizuizi, ubao mwembamba mbele ya roli. Ukiguswa na mkono, mashine inasimama yenyewe. Ulifanya kazi yake vizuri. Kosa lake moja lilikuwa kwamba hata shuka iliyojikunja iliusukuma, na mashine ikasimama, na msimamizi akaulizwa na wakubwa wa ghorofani kwa nini mashuka yamechelewa. Miaka mitatu iliyopita msimamizi alichukua waya akaufunga ubao ule usicheze. Shoto alimwendea mara mbili. Mara ya kwanza alijibiwa, "Nimekusikia." Mara ya pili alijibiwa, "Wewe mama una maneno."

Jumanne, saa nne asubuhi, msichana aliyeajiriwa mwezi uliopita alikuwa kando ya Shoto mbele ya mashine, ameshika pembe ya pili ya shuka. Wenzake walikuwa bado wanamwita Mgeni. Sare aliyopewa ilikuwa ya mtu mkubwa kuliko yeye, na mikono ya sare ilimfunika viganja. Roli zikaudaka ukingo wa mkono wa sare na kuuvuta. Mgeni hakuwahi hata kupiga kelele. Shoto alibonyeza kitufe bila kugeuza shingo kukitafuta, kwa sababu mkono ulikuwa palepale ulipokuwa kila siku. Roli zikasimama. Mgeni akatoka na ngozi iliyoungua kiganjani, na vidole vyake vyote vitano.

Saa nane msimamizi alimwita Shoto ofisini. Mezani palikuwa na fomu ya taarifa ya ajali, imeshajazwa.

"Weka saini hapo kwa shahidi, mama, tumalize."

"Ngoja nisome."

"Unasoma nini? Mistari mitatu tu."

"Basi haitachukua muda."

Mstari wa pili ulisema: Kwa bahati nzuri mfanyakazi hakuumia sana. Wa tatu ulisema: Hakuna hatua zaidi inayohitajika.

Shoto alisoma mara mbili, akairudisha fomu.

"Hii bahati ilisimama wapi? Mimi nilikuwa pale, sikuiona."

"Shoto, ni namna ya kuandika tu. Kila mtu anaandika hivyo."

"Walimwandikia shangazi yangu hivyohivyo. Na waya hujaitaja."

"Waya ni mambo yetu ya ndani."

"Vidole navyo ni vya ndani?"

Msimamizi akavua miwani. "Kule kwenye mashuka machafu wanahitaji mtu. Nisilazimike kukufikiria."

"Nifikirie. Naomba kalamu."

Msimamizi alidhani anataka kusaini, akampa. Shoto aliandika kwenye nafasi ya maelezo ya shahidi, kwa mkono wake wa kulia, herufi kubwa zilizonyooka: Mwenye bahati ni msimamizi. Alifunga kizuizi kwa waya, akakaa ofisini, na hakuna aliyekufa. Mgeni hakuokolewa na bahati. Aliokolewa na mtu aliyekaa karibu na kitufe. Kisha akasaini.

Sijasoma sentensi iliyolitumia neno hilo kwa haki kuliko ile.

Fomu zile zina namba, moja haiwezi kupotea bila ghorofani kuuliza. Msimamizi akajaribu kwa sauti ya upole.

"Dada yangu, tukiifuta sentensi hii, nitamwita fundi."

"Mwite fundi. Sentensi inabaki."

Fomu ikapanda ghorofani kama ilivyo. Kesho yake fundi alishuka na koleo, akaikata waya na kukaza springi ya ubao ili shuka iliyojikunja isiusukume tena. Kazi ya nusu saa. Miaka mitatu watu waliweka mikono yao pale kwa ajili ya kazi ya nusu saa ambayo msimamizi hakutaka kuiomba. Msimamizi bado ni msimamizi. Shoto alihamishiwa kwenye mashuka machafu, kwenye damu na matapishi, na barua ya uhamisho ilisema ni kwa mahitaji ya kazi.

Asubuhi ya kwanza ya kazi hiyo mpya shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda akisubiri blauzi yake ifungwe.

"Wamekuhamisha kweli?"

"Wamenihamisha, shangazi."

"Na waya?"

"Imekatwa."

Shangazi akainua kidevu ili kifungo cha juu kifikike.

"Haya, funga upesi. Usichelewe, wakapata la kusema."