Dada Sivii na Karatasi ya Wifi Yake

Mtaa mzima ulimwita Dada Sivii, ingawa jina la kwenye kitambulisho lilikuwa jingine kabisa. Steshenari aliyofanyia kazi ilibanwa kati ya duka la dawa na saluni, na humo ndani, nyuma ya mashine ya fotokopi iliyotafuna karatasi kila ilipopata joto, ndimo alimowaandikia watu sivii za kuombea kazi na kuwatengenezea maisha yao. Mtu aliingia akiwa mlinzi wa geti, akatoka akiwa afisa udhibiti wa wageni na magari. Msukuma mkokoteni alitoka akiwa mratibu wa usafirishaji.

Uongo hakuandika; hapo alikuwa mkali. Mteja akitaka aongezewe diploma asiyokuwa nayo, alirudishiwa flashi yake na kuonyeshwa mlango. "Mimi nafua na kupiga pasi," aliwaambia. "Nguo uje nayo mwenyewe."

Alijua waajiri hawasomi, wanapitisha macho tu. Kwa hiyo kazi ya karibuni ikae juu, maelezo yasijae kurasa, picha ya harusini isibandikwe, na namba ya simu iwe ile inayopatikana. Kila wasifu aliumalizia kwa sentensi aliyoipenda kuliko zote: *ni mtu wa kujituma na anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo.*

Kisha tajiri wa steshenari akawauzia fremu ya duka watu wa saluni, na Dada Sivii akajikuta mezani nyumbani, hana wa kumwandikia ila yeye mwenyewe. Alikaa na ukurasa mtupu hadi chai ikapoa. Maneno yote aliyowavisha wengine, kwake yalipwaya. Mwishowe aliandika kwamba amefanya kazi ya kuwaandikia watu wasifu, basi, akaupeleka kwenye kiwanda cha magodoro kilichotafuta karani wa ofisi ya utumishi.

Kwenye usaili, meneja utumishi aliishika karatasi yake kwa ncha za vidole. Alikuwa amenenepa na kufunga tai, lakini Dada Sivii alimtambua palepale: ndiye yule mlinzi wa geti, aliyebishana naye nusu siku kuhusu neno "afisa".

"Dada, uzoefu upo," meneja alisema, "ila wasifu wako haujipigii debe. Ungetafuta mtaalamu akusaidie."

"Nashukuru kwa ushauri," alijibu Dada Sivii, akimtazama usoni bila kupepesa.

Meneja alikohoa, akageukia dirisha, akalikodolea macho kama kuna kitu nje. Kabla ya juma kuisha, Dada Sivii alipigiwa simu kwamba kazi ni yake. Kama alipewa kwa sifa zake au kwa hofu ya mtu, hakuuliza.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchambua maombi ya nafasi ya mtunza stoo. Bahasha ya kwanza, mwombaji alijituma na kuweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Ya pili vilevile. Kufikia ya tano Dada Sivii alikuwa anacheka peke yake. Kufikia ya kumi kicheko kilikuwa kimemkauka, maana nusu ya mji ilikuwa imejaa mezani pake, na yote inaongea kwa mdomo wake. Sasa amchague nani kati ya watu aliowapendezesha sawasawa?

Katikati ya lundo akakutana na karatasi ya wifi yake.

Huyu alikuwa mke wa kaka yake, na wote waliishi nyumba moja. Mama yao alipopatwa na kiharusi, wifi ndiye aliyeacha kazi ya dukani akabaki kumuuguza. Dada Sivii alimwandikia ule wasifu kwa nusu mzaha: *msimamizi wa huduma za mgonjwa, dawa na vifaa.* Hakujua kama mwenzake angeutuma popote.

Aliichukua karatasi akaenda nayo kwa mkurugenzi, mama mmoja asiyependa maneno mengi.

"Bosi, huyu ni wifi yangu. Na hii niliiandika mimi."

"Yaliyomo ni kweli?"

"Ni kweli kupita nilivyoandika. Mgonjwa mwenyewe ni mama yangu. Mimi nilikuwa steshenari."

Mkurugenzi alimtazama kidogo. "Basi usiingie kwenye usaili wake. Mhasibu atamhoji."

Siku ilipofika, Dada Sivii aliketi kwenye benchi la koridoni, na mlango haukufungwa vizuri.

"Hapa umesema unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo," alisikika mhasibu. "Shinikizo gani hasa?"

"La mama mkwe," alijibu wifi kwa adabu zote.

Mhasibu akaangua kicheko hadi kiti kikalia. "Wa kwangu naishi naye," alisema. "Haya, endelea."

Wifi aliendelea. Alieleza dawa zilivyokaa kabatini na kwa nini hazikuisha ghafla. Alieleza pia jinsi mgonjwa alivyomtupia kikombe asubuhi moja, na kesho yake akamshika mkono akakataa kuuachia. Huku koridoni, Dada Sivii aliinamisha kichwa. Habari za kikombe alikuwa hajawahi kuambiwa.

Wifi alipata kazi.

"Hongera, wifi," Dada Sivii alimwambia jioni ile.

"Ahsante, wifi. Sasa na mama?"

Kaka mtu, aliyekuwa amekaa hapohapo, ghafla akawa na jambo la maana sana kwenye simu yake. Walikubaliana jirani awe anashinda na mgonjwa, na kuanzia saa za jioni zamu iwe ya Dada Sivii mwenyewe.

Jioni ya kwanza Dada Sivii alikunja mikono ya blauzi, akamkamata mama mkono ili amgeuze. Mama akaguna.

"Siyo hivyo," alisema kwa upande wa mdomo uliobaki na nguvu. "Mwenzio huanzia begani. Wewe umeshawahi kumgeuza mgonjwa?"

"Sijawahi, mama."

"Naona."

Dada Sivii akazunguka kitanda, akaweka kiganja chini ya bega la mama yake, akangoja kuambiwa la kufuata.