Chungu cha Umeme Kitangari

Wiki hii, katika duka moja la Newala lililojaa bidhaa za nje, mwenye duka aliwasha jenereta tangu asubuhi kutuonyesha chungu cha umeme kinavyopika taratibu nyama ya ng'ombe, viazi na karoti.

Mama mmoja wa Kitangari akafunua. Kifuniko kilikuwa kinachuruzika. Upesi akakiinamisha, matone yote yakarudi chunguni.

"Maji hayapungui?"

"Hata kidogo, mama," akajibu mwenye duka.

Mama akamgeukia mumewe. "Baba Asha, tukichukue."

"Kwetu umeme uko wapi?"

"Maji tunayangoja tangu unioe. Tukingoja na umeme, kuna ubaya gani?"

Mume akacheka, akalifunga boksi nyuma ya baiskeli, mahali pa dumu la maji.

Soko huria limetuletea vitu. Subira tulikuwa nayo.