Daktari wa Viwiko

Daktari wa viwiko hakumwita mtu kwa jina. Kwake Rut, mfinyanzi wa Ikombe, alikuwa Mama Kumi na Saba, namba yake daftarini. Kila Jumanne alishuka ufukweni mwa ziwa na shati lililonyooshwa pasi, vidole safi kama vya mtu ambaye hajawahi kumenya ndizi mbichi. Alimkunja Rut mkono, akaupima kwa rula yake yenye bawaba, akaguna kana kwamba ameonja mboga isiyo na chumvi, kisha akaandika. Utafiti mzima, wafinyanzi arobaini, dawa ilikuwa moja: “Pumzisha mkono.”

“Na vyungu vya mnada atafinyanga nani, mbuzi?” Rut aliuliza.

Basi daktari akakunja mikono ya shati awaonyeshe wafinyanzi ukandaji wa udongo wa kitaalamu, usioumiza. Bonge la kwanza alikanda huku akihutubia. La pili alinyamaza. La tatu aliomba maji.

Jumanne iliyofuata alikuja na bandeji kutoka kiganjani hadi kiwikoni, akamsogezea Rut daftari amsaidie kuandika. Rut akaanza na mstari mpya, chini ya wale arobaini. Kisha akauinua ule mkono uliovimba, akaguna.

“Baba Arobaini na Moja,” akasema, “pumzisha mkono.”