Koo la Binti Yangu na Sahani ya Mgeni

Kwetu watoto hula bugali sahani moja. Anayewekewa sahani yake peke yake ni mgeni, au ni mgonjwa. Mwaka ule, tukiwa tumeshazoea kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kiasi cha kugombania mipaka ya mashamba, nilimwekea sahani yake binti yangu wa miaka saba, aliyekuwa mzima kuliko sisi wote.

Ilianzia shuleni. Wanafunzi wa udaktari walitoka mji wa Mbarara kuwapima watoto koo kwa kijiti chenye pamba. Siku hiyo binti yangu alikuwa na mafua. Majibu yalipokuja, kumbe alikuwa na wadudu wa koo, wale ambao wakiachwa huweza kuharibu moyo. Alimeza dawa siku kumi. Walipompima tena, wadudu walikuwapo. Akameza nyingine, wakawapo vilevile. Na mtoto mwenyewe anaimba kwenye korali, anaruka kamba, anamaliza bugali na kuomba mchuzi.

Niliogopa, na mimi nikiogopa mikono yangu hutafuta kazi. Nikanunua sahani ya bati ya kijani sokoni Misiera. Nikamtoa kwenye korali asiwaambukize wenzake. Alipouliza kwa nini anakula peke yake, nikamdanganya: "Weye ni mugeni wetu wa heshima." Alifurahi siku mbili. Siku ya tatu alikula akiwa ametugeuzia mgongo.

Ndipo mama mkwe wangu akaja na lake. Kwake yeye koo lisilopona ni kilimi, ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya ulimi, na dawa yake ni kukikata. Watoto wake wote walikatwa huko kwetu Kivu, Kongo.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," aliniambia. "Kuko muzee moja anajua. Anakata mara moja tu, inaisha."

Nilimjua mtoto wa jirani aliyekatwa akavuja damu siku nzima. Hata hivyo, na hili naliandika kwa aibu, nilikubali. Tukapanga Jumamosi.

Alhamisi nilikuwa na karatasi ya kumwona daktari wa watoto Mbarara. Nilienda ili tu nisije kusemwa kwamba sikujaribu. Daktari alikuwa mama wa Kinyankore aliyekulia Makenke, kambi ya jeshi, baba yake askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha kuamrisha. Alitazama koo, akasikiliza moyo kwa muda mrefu, akauliza. Ameshikwa na homa? Viungo vimevimba? Siku ya kupimwa alikuwa anakohoa? Nikajibu hapana, hapana, ndiyo, na mafua juu.

"Sasa sikiliza, mama. Hii wadudu inakaa kwa koo yake, lakini haifanyi yeye mgonjwa. Mwili yake na wadudu wamezoeana, hakuna vita. Watoto mingi wako namna hii."

"Na ile mafua?"

"Mafua ilikuja yake, ikaenda yake. Nyinyi mulipima, mukakuta hawa wengine wamelala."

Nikauliza juu ya moyo. Akasema moyo huumia pale mwili unapopigana na wadudu hao hadi ukajipiga wenyewe. Mwili wa binti yangu haukuwa vitani, na wadudu waliotulia hivyo si wepesi kuambukiza. Kwa nini mtoto huyu na si yule, alisema, hata wao hawajui vyema. Nikampenda kwa hilo. Akishikwa na homa na koo limuume kweli, bila mafua wala kikohozi, nimlete. La sivyo, nisimpimishe tena wala kummezesha dawa.

"Na kilimi?" niliuliza, nikitazama sakafu.

Akavua miwani. "Kilimi iko na kosa gani?"

Nililia palepale mbele yake, kwa furaha.

Nyumbani mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema atamwambia yule mzee asije. Jioni nikatandika sahani moja. Binti yangu, kwa mazoea, akaenda kutafuta ile ya kijani, akaikuta uani, kuku wanainywea maji. Akarudi akasimama mlangoni.

"Mama, mugeni alisharudia kwao?"

"Alisharudia," bibi yake akajibu kabla yangu, akasogea kumwachia fasi ya kukaa.