Nilificha Ndama Siku ya Kuvunja Ndoa

Wasomaji, kosa iko yangu. Musinitafutie sababu. Nilidanganya wazee wa tribinali kwa kinywa hiki hiki, na minye mwenyewe nilijua nafanya nini.

Bwana yangu wa kwanza alikuwa muntu wa Rurambo, kule milimani. Mukono wake ulikuwa mwepesi kunipiga. Siku alinivunja jino nilishuka kwa miguu mpaka Kiringye, kwa baba, nikasema sirudi tena. Baba hakunigombeza. Alinipeleka tribinali ya chifu ili ndoa ivunjwe mbele ya watu.

Muzee wa tribinali alitueleza pole pole. "Ng'ombe ya mahari irudi kwa mwenyewe, pamoja na chenye ilizaa. Kisha karani ataandika. Kama haijarudi yote, weye ungali bibi wake, na mutoto utazaa ni wake, hata ukimuzaa kwa mwingine."

Nilisikia vizuri kabisa! Lakini ile ng'ombe ilikuwa imetuzalia ndama jike, mwekundu, na doa jeupe usoni kama mama yake. Na minye nilikuwa na hasira. Nikamwambia baba: "Amechukua jino yangu, achukue na ndama tena?"

"Mwanangu, acha," baba akasema.

Nikalia, nikakataa chakula siku mbili. Baba akashindwa. Tukaficha ndama kwa mujomba.

Siku ya kuandika, muzee akaniuliza: "Ng'ombe hii ilizaa?"

"Hapana, muzee. Hata mara moja."

Karani akaandika, nikapewa karatasi ya kuvunja ndoa. Ee, nilicheka njia yote!

Nikaolewa Rugenge na seremala mumoja, muntu mupole sana. Tukapata binti. Nilifikiri mambo imeisha.

Kumbe! Kiangazi wachungaji wa Rurambo walishusha ng'ombe huku kwetu bondeni kutafuta majani. Wakaona kwa mujomba ng'ombe kijana, doa jeupe usoni. Wale watu wanajua ng'ombe zao mpaka nyanya ya ng'ombe. Walimuuliza mujomba mara moja tu, akasema yote.

Tukaitwa tena. Muzee alichukua karatasi yangu akaipasua.

"Hii ilitoka kwa uongo. Leo mutarudisha ile ndama, na leo ndoa itavunjika kweli. Lakini huyu mutoto alizaliwa ndoa ya kwanza ingalipo. Ni wa bwana wa kwanza. Ataenda kwake siku ataacha maziwa ya mama."

Nililia mpaka nikaanguka chini. Bwana wa kwanza hakunitazama. Alisema neno moja: "Nitangoja."

Kufika nyumbani, seremala akaniuliza: "Ulijua hii sheria, ukanizalia mutoto, ukanyamaza?" Tunakula sahani moja, lakini haniongeleshi. Kurudi kwa baba siwezi, anaona haya kupita barabarani juu yangu. Kukimbia naye mutoto, niende wapi? Watanifuata.

Dada zangu, minye nawaomba! Ukienda kuachana na bwana, hata kama alikutesa, rudisha yote na sema yote. Hasira yako ngoja utoke nayo nje ya tribinali. Ndama moja, jamani! Leo ningewapa kumi.

Binti yangu sasa anakimbia, anaimba, iko na meno yote. Anataka ugali na ndagala, wale samaki wadogo, kama sisi. Kila asubuhi nasikia kama muntu anapiga hodi, namuvuta mutoto, namuweka kwa kifua. Anakataa, anageuza uso, ananiuma.

Namwambia: nyonya, mama. Nyonya tu.